Dume Ndani ya Kopo la Poda

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, jina langu ni Mot, mtia nguo rangi ya nili hapa Sakon Nakhon, mwanamke mwenye mikono ya buluu mpaka viwikoni. Waliokuwa nami wiki iliyopita waliniacha uani, nimeinamia mtungi wangu wa rangi, nikiutazama mche wa bangi wa marehemu baba yangu ukielea humo kichwa chini mizizi juu.

Aliyeuzamisha ni mume wangu, Sanit. Kabla ya hapo alikata vitawi vyake vyote vizuri kwa ajili ya kupandikiza, akavipanga ndani ya kibebeo changu cha chakula, kisha akaondoka navyo kwenda kuishi na Kaeo.

Kaeo yule yule. Shoga yangu wa kufa na kuzikana, niliyemsuka nywele siku ya harusi yake ya kwanza na kumfuta machozi siku ndoa ile ilipovunjika.

Mume kumchukua, sawa. Mume ana miguu, alikwenda mwenyewe. Mti wa baba yangu haukuwa na miguu.

Baba, Mzee Bunma, aliuleta mti ule kutoka vilima vya Phu Phan na kuulea miaka yote, hata zamani zile ambapo jani moja lingemfunga. Watu walimjua kwa supu yake ya kuku aliyotia majani mawili matatu ya mti huo. Na sasa kwa kuwa bangi inapandwa majumbani bila kujificha, maonyesho ya mkoa yalikuwa yanakuja, na ua litakaloshinda hupewa jina na aliyelileta. Kaeo alikuwa ameshatangaza jina lake sokoni kote: Dhahabu ya Kaeo.

Mti wa baba yangu uitwe Kaeo! Niliposikia hivyo, nilitafuna kijiko mpaka mama akaninyang'anya.

Kilichoniokoa ni kikasha cha tambuu cha bibi. Ndani yake, chini ya kitambaa kilichokunjwa na mkono wa baba, kulikuwa na mbegu tatu za mti ule ule. Tatu tu. Nikaapa kwamba nitazipanda, nitalipeleka ua langu mezani kando ya lao, na mkoa mzima utanusa na kujua mwizi ni nani.

Na nikaapa jambo jingine ambalo sikumwambia mama.

*

Kupanda nje hakukuwezekana. Kuna bwana mmoja nyuma ya shule ana shamba la bangi ya kutolea nyuzi, na madume yake yamejaa shamba zima. Dume la bangi likikomaa humwaga vumbi la manjano, upepo ukalibeba. Jike likiguswa na vumbi hilo, basi tena, ua linajaa mbegu, na ua lenye mbegu waamuzi hawalinusi hata. Mvua tu ndiyo hutusaidia, maana vumbi la dume likilowa limekufa.

Kwa hiyo nikaagiza hema. Lile dogo la kupandia ndani ya nyumba, nje jeusi, ndani linang'aa kama sufuria mpya, lenye zipu mbele na matundu ya hewa ubavuni. Nikaliweka sebuleni kwa mama, chumba pekee kisichovuja.

Mama alikaa mlangoni akitafuna tambuu, akanitazama nikihangaika na nguzo.

"Unajenga nyumba ndani ya nyumba yangu?"

"Ni hema, mama. La mche."

"Sisi tumelala sakafuni tangu tuzaliwe, mche unalala hemani. Na hicho nini?"

"Feni."

"Na kile?"

"Taa."

"Mimi ninahamia humo. Mche uje ulale huku."

Nilichomeka nguzo, nikazichomoa, nikazichomeka upya kwa sababu ya juu niliifanya ya chini. Nikavuta kitambaa juu yake. Taa nikaitundika kwa kamba mbili, na kila fundo nililolikaza nililikaza shingoni kwa Sanit. Sioni aibu kusema. Nilikuwa nikiuma meno na kumtaja jina.

Hema liliposimama, mama naye akasimama.

"Ondoa."

"Nini tena?"

"Liangalie. Limepita rafu ya Buddha. Hakuna bangi itakayomtazama Buddha kutoka juu ndani ya nyumba hii."

"Mama, nguzo hizi hazifupishwi."

"Basi mkuu atapanda juu zaidi. Lete nyundo. Na maua. Na mishumaa, tumwombe radhi kwanza."

Kazi ya asubuhi moja ikatuchukua siku nzima. Tuliomba radhi, tukaiteremsha sanamu kwa adabu, tukaing'oa rafu na kuipigilia upya karibu na dari, tukaomba radhi tena. Tangu siku hiyo mama akawa anapanda kigoda kila akitaka kuwasha ubani, na kila akikipanda ananiangalia.

Feni niliifunga juu, pamoja na kichujio cha mkaa cha kumeza harufu. Ilipowashwa, kuta za hema zikavutwa ndani kama tumbo la mtu anayejipima suruali. Mama akapiga makofi. "Linapumua!"

Tundu la chini, hewa inakoingilia, ndilo lililoninyima usingizi, maana vumbi la madume ya yule bwana lingeweza kupitia humo. Nikachukua pamba yangu mwenyewe, niliyoitia nili kwa mkono wangu, nikaishona tabaka tatu na kuifunga juu ya tundu. Kisha nikaweka sheria: anayetoka nje asiiguse zipu mpaka aoge na kubadili nguo zote.

Sheria hiyo niliitunga mimi. Ikumbukeni.

Udongo nilichanganya na maganda ya mpunga yaliyochomwa. Mbegu tatu nikazifukia. Mama akapeleka soda nyekundu na wali wa kunata kwenye kijumba cha roho mwenye kiwanja, uani, nikamsikia akinong'ona naye.

"Huyu mwanangu anapanda kwa uchungu. Msaidie mche uote. Mengine anayoyataka, jifanye hujasikia."

Mama yangu mimi! Anajua kunisoma.

*

Mbegu moja ilioza. Mbili zikaota, zikapanda juu kwa nguvu, na majani yalipofikia taa nikabadili masaa ya mwanga ili zianze kuchanua. Moja ikatoa nywele nyeupe nyororo. Jike! Nililia, jamani. Lilinuka ganda la embe bichi, harufu ya shati la baba.

Nyingine ikatoa vifuko viwili viwili vinavyoning'inia. Msicheke. Mama alicheka vya kutosha.

"Huyu ni Sanit," alisema. "Mng'oe umchome kabla hajafunguka."

"Ndiyo, mama."

Nikamtoa hemani na chungu chake. Sikumchoma.

Nilimpeleka kwenye kibanda changu cha zamani cha rangi, mbali na nyumba, nikamweka dirishani na kumnywesha maji kama mgonjwa. Alipokomaa nikamkung'uta juu ya karatasi. Vumbi lake likadondoka, jepesi, la manjano. Nikalitia ndani ya kopo la poda ya baridi, ile ambayo msimu wa joto kila shingo ya hapa huwa nyeupe kwa ajili yake. Nikatikisa.

Nani atamshuku mwanamke anayejipaka poda kwenye joto?

Nilioga mara mbili siku hiyo kabla ya kurudi kwa jike langu. Nilikuwa na akili timamu bado.

Mpango wangu ulikuwa mfupi. Nitafika ndani ya nyumba ya Kaeo, nifungue zipu ya hema lake, maana naye alikuwa nalo, nimimine kopo mbele ya feni. Nisingebomoa wala kukata kitu, nisingeacha hata alama. Ningewaacha wakae na maua yao wiki baada ya wiki wakijisifu, na siku ya maonyesho mwamuzi alipasue ua mbele ya umati, mbegu zimwagike mezani. Nilitaka kuziona sura zao. Nilikuwa nikizifikiria nikila, nikilala, nikikamua nguo.

Mlango wa nyumba ile ukafunguliwa na mama.

"Kaeo anaita watawa kubariki chumba chake kipya cha hema," alisema. "Mkuu wao mwenyewe, Luang Pho Khian, anakuja. Mimi nitapika kama kawaida yangu, siwezi kuwanyima watawa chakula kwa sababu ya mwenye nyumba. Ila magoti yamekataa. Utanibebea masufuria?"

"Nitabeba."

Akaacha kutafuna. "Umekubali upesi."

"Natafuta thawabu, mama."

"Thawabu," akasema mama, akatema.

*

Kaeo alinipokea mlangoni, viganja vimeunganishwa usoni, mdogo akimsalimu mkubwa, adabu tupu.

"Dada Mot! Umekuja kweli?"

"Baraka hazikataliwi."

Sanit akatokea nyuma yake, shati jipya, nywele za mafuta.

"Ah, Mot. Mikono bado ya buluu?"

"Na wako bado mrefu?" nikamjibu.

Wanawake wawili waliokuwa wakipanga mikeka wakaziba vinywa. Sanit akajifanya anahesabu glasi.

Hema lao lilikuwa kubwa, chumba kizima. Niliona nuru ikivuja kwenye mshono wa zipu, nikanusa. Embe bichi. Damu ikanipanda. Baba yangu alikuwa mle ndani, amefungiwa na watu hawa!

Nikajibanza ukumbini, nikafungua kopo nihakikishe vumbi halijagandana. Lilikuwa laini mno. Mfuniko ulipotoka, likafuka kidogo na kunitua kwenye mkono wa blauzi.

"Joto, eh, dada?" Kaeo huyo, ametokea na sinia la machungwa.

"Linaua," nikasema. Nikajipigapiga shingoni kwa kiganja, kama ninayejipaka.

"Hebu nami baadaye unigawie. Naungua."

"Baadaye," nikasema.

Watawa wakaketi, uzi mweupe wa baraka ukazungushwa nyumba nzima, sala zikaanza. Nikaamua nitafanya kazi yangu watu watakapokuwa wanakula. Lakini Luang Pho akainuka na bakuli la maji ya baraka na kile kifagio chake cha majani, akaanza kunyunyiza. Mzee yule akinyunyiza hanyunyizi, anamwaga! Watu wakawa wanacheka na kuinamisha vichwa walowe.

Mimi nilikuwa nimelikumbatia kopo. Tone moja tu likiingia, kazi bure. Nikarudi nyuma ya jokofu.

Mama akanifuata kwa macho, kisha kwa miguu. "Tangu lini unakwepa baraka?"

"Nina mafua."

"Una shetani," akasema, akarudi akaloweshwe.

Luang Pho alipofika kwenye hema, Kaeo akapiga magoti mbele yake. "Ndani usinyunyize, Luang Pho, tafadhali. Maua yakilowa yataoza. Tubarikie mlango tu, kwa poda."

"Haya. Lete poda."

Mnajua mambo yetu. Poda hukorogwa na maji ya baraka, na mtawa huchora alama kwenye mlango wa kitu kipya. Ni kazi ya mwenye nyumba kuinunua. Kaeo akamgeukia Sanit.

"Poda iko wapi?"

"Mimi nilijua wewe umenunua."

"Nilikutuma wewe!"

"Ulinituma machungwa."

Watu wakaanza kunong'ona. Kaeo akatazama huku na huku, jasho linamtoka, ndipo uso wake ukafunguka.

"Dada Mot ana poda!"

Chumba kizima kikanigeukia.

Ningefanya nini? Mniambie nyinyi. Luang Pho akatandika kitambaa chake sakafuni, maana mwanamke hampi mtawa kitu mkononi. Nikalitazama kitambaa. Nikalitazama kopo. Nikaliweka.

Akalifungua, akachungulia. "Mbona ya manjano?"

"Ni bizari, Luang Pho. Mama huchanganya. Ni nzuri kwa ngozi."

Kule nyuma niliona taya la mama likisimama. Kisha likatafuna tena. Huwezi kumuumbua mwanao mbele ya mtawa mkuu.

Akamimina karibu yote kwenye bakuli, akatia maji, akakoroga kwa kidole. Nikasimama pale nikakitazama kisasi changu kikigeuka uji. Miezi yote ile! Dume nililolilea kama mgonjwa!

Mzee akachora alama tatu nzuri kwenye nguzo ya hema la adui yangu, akisali liote, listawi, lilindwe. Kisha akambandika Sanit moja kwenye paji la uso. Na Sanit akanigeukia na kutabasamu, kisasi changu kikiwa kinamkaukia usoni.

Nilitamani sakafu inimeze. Au immeze yeye.

Ndipo Luang Pho akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Kaeo alikuwa amefungua zipu ili mtawa naye achungulie. Mzee akainama, akavuta pumzi, akabaki hivyo hivyo.

"Huu ni mti wa Bunma," akasema.

Akanusa tena.

"Nimekula supu ya Bunma tangu sijavaa rangi hii ya utawa. Siwezi kuikosea. Nani aliwapa?"

Sanit akakohoa. "Ni mambo ya familia, Luang Pho. Tulipewa."

"Bunma aliulizwa?"

"Bunma ni marehemu. Marehemu hasemi."

"Hasemi na wewe," akajibu mzee, akaenda kula.

Kaeo aliinamisha kichwa. Sanit akaanza kugawa wali kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mimi, badala ya kufurahi, nilichemka. Tulipewa! Alilitamka neno hilo mbele ya mama yangu, mbele ya watawa, na bado mti ulikuwa kwake, umebarikiwa kwa mkono wangu. Nikaacha masufuria, na viatu karibu niviache, nikatoka. Kopo nililisahau sakafuni.

*

Nilikimbia mpaka nyumbani. Sikufikiri. Niliingia sebuleni, nikafungua zipu ya hema, nikapiga magoti na kukitumbukiza kichwa ndani, penye mwanga na ile harufu, nikalia.

"Baba, nimeshindwa," nikamwambia mche. "Wamekuiba na sasa wamebarikiwa." Nikalikumbatia jike langu kwa mikono miwili, nywele zake nyeupe zikinigusa shavuni, na feni juu yetu inavuma.

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Nilisikia gari la magurudumu matatu la jirani likimshusha mama, nikasikia miguu yake mlangoni.

"Mot. Umeoga?"

Nikageuka.

Mama hakunitazama usoni. Alikuwa anautazama mkono wa blauzi yangu. Blauzi ya nili iliyokolea, nguo ambayo juu yake hata unywele wa paka unaonekana. Na pale juu yake, kuanzia kiwiko mpaka begani, vumbi la manjano.

"Mimi sichanganyi bizari kwenye poda," mama akasema.

"Hapana."

"Lile dume ulilichoma?"

Nikauficha mkono nyuma.

"We mtoto!" Alipiga kelele ambayo sijaisikia tangu nianguke kisimani. "Zima feni! Zima! Maji! Lete maji!"

Nikairarua blauzi mwilini, nikaitupa uani. Nilibaki na sidiria na mikono ya buluu, nikatafuta kinyunyizio cha kupulizia mche maji, nikakijaza. Mama, yule mwenye magoti yaliyokataa kubeba sufuria, alipanda kigoda kama msichana na kuteremsha bakuli la maji ya baraka kutoka kwenye rafu ya Buddha.

"Mama, hayo ni ya..."

"Ni maji! Nyunyiza!"

Tukaliosha lile jike kama mtoto mchanga, ua kwa ua, jani kwa jani. Maji yakatiririka ndani ya hema, yakatoka kwenye zipu, yakaloweka mkeka.

"Litaoza," nikalia.

"Lioze, lakini lisizae. Nyunyiza chini hapo. Kila kitu umekishona, umekifunga, umekichuja, vumbi la mtaa mzima umelizuia, halafu unaliingiza mwenyewe begani! Watawa wanakumwagia maji, unajificha nyuma ya jokofu! Ungelowa kama wenzako tungekuwa tunakula saa hizi!"

Kila neno lilikuwa kweli, na kila neno nilimtwisha Kaeo. Ni yeye aliyenifanya hivi. Kama maji yamechelewa, kama mbegu zimeshashika, basi atakwenda peke yake kwenye maonyesho, ataulizwa jina la mti wake, na atalitamka. Nilimchukia mpaka meno yakaniuma. Ningekuwa na kopo jingine la vumbi, ningerudi mchana ule ule.

"Hodi! Dada Mot! Mama! Mpo?"

Tukaganda. Mama akanitupia kanga yake ya mabegani. Nikafunga zipu, nikaenda mlangoni nikiwa nimelowa mpaka miguuni.

Kaeo alikuwa peke yake, anahema, macho mekundu. Mkononi alikuwa ameshika masufuria ya mama, na juu ya masufuria, kopo langu.

"Ulisahau poda, dada."

Nilitaka kumpokonya. Kisha nikaiona shingo yake.

Shingo, kifua, mpaka nyuma ya masikio. Alikuwa wa manjano.

"Samahani, nimeitumia," akasema. "Joto lilinizidi. Watawa walipoondoka wageni wakataka picha, nikajipaka haraka haraka, nikaingia nao hemani. Wakaniambia niyakumbatie maua. Nimeyakumbatia yote!"

Wasomaji wangu, siwaongopei. Moyo wangu ulicheza ngoma. Yote! Kwa mikono yake mwenyewe! Lilikuwa hema kavu, lisilonyunyizwa hata tone, kwa kuwa mwenyewe alikataa. Nilimwona mwamuzi, nikaona mbegu zikimwagika mezani, nikaona sura ya Sanit. Nikauma ulimi nisicheke.

"Usijali," nikamwambia. "Poda ni kitu gani?"

Kaeo hakuondoka. Aliyaweka masufuria chini na kuunganisha viganja.

"Sijaja kwa ajili ya poda, dada. Nimempigia simu yule mama wa maonyesho. Nimemwambia afute Dhahabu ya Kaeo. Jina ni Mti wa Mzee Bunma. Na atakayesimama na maua yetu siku hiyo ni wewe. Kama utakubali."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Sanit anajua?"

"Sanit ametupa sinia ukutani. Atazoea." Akajifuta jasho. "Luang Pho aliponiangalia nilimwona baba yako. Nilipofukuzwa kwetu alinilisha ile supu mwezi mzima, hakuniuliza kosa langu. Nami nimechukua mti wake na kuubandika jina langu. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, dada, na si kwa sababu ya mikoromo ya Sanit peke yake. Yeye simrudishi, usinitazame hivyo. Lakini mti ni wenu."

Nyuma yangu kinyunyizio kilikuwa kinadondosha maji mkononi mwa mama. Tone, tone, kwenye mkeka.

Niliona yote mara moja. Jike langu limelowa, huenda nimeliokoa, huenda nimelizamisha kama Sanit alivyozamisha mamake. Ua pekee ambalo lingeweza kulibeba jina la baba yangu mpaka jukwaani lilikuwa kule kwa Kaeo, na muda huo huo vumbi langu lilikuwa linazunguka humo na feni. Maji yangeliokoa, kama angekimbia sasa hivi. Na asingekimbia bila kujua kwa nini.

Sehemu moja ya moyo wangu, siwafichi, ilikuwa bado inasema: mwache. Waoze wote.

"Mot," mama akasema taratibu. "Mwambie mwenzio."

"Aniambie nini?" Kaeo akauliza, anatabasamu bado.

Nikainama penye masufuria. Nikaliokota kopo, nikalishika kwa mikono miwili.

Kaeo akajipangusa shingo kwa kiganja, kwa mazoea tu, kisha akakitazama kiganja. Akakisogeza karibu na macho. Akasugua vidole viwili polepole, kama mtu anayejaribu unga sokoni. Huyu ni mwanamke aliyekulia kwenye bangi kama mimi.

Akaitazama blauzi yangu ya nili iliyotupwa uani. Akautazama mkeka unaotiririka maji. Tabasamu likamtoka kidogo kidogo.

"Dada Mot," akasema, "hebu niambie. Mama huchanganya bizari gani?"